Hodi Kwenye Waya wa Watu

Kwa zaidi ya nusu ya umri wangu niliamini, kwa moyo wote na nikiwa na cheti cha masomo ya jioni kabatini, kwamba chini ya theluji ya Kibo umefukiwa mtambo wa wazungu unaosikiliza simu za dunia nzima. Nilihadithiwa na mpagazi mmoja wa Marangu, mtu mzima mwenye familia yake, aliyeapa kwamba alizibeba betri za mtambo huo mgongoni. Joto lake, alisema, ndilo linaloyeyusha theluji. Hizo habari nyingine za hali ya hewa ni za kutuzuga. Mtambo ulikuwa na kasoro moja tu: mlima ukijifunika mawingu, hausikii.

Basi mimi, fundi wa simu, mtu niliyelishwa na kuvishwa na simu, sikuongea jambo la maana mlima ukiwa wazi. Nilichungulia dirishani kwanza, ndipo nikanyanyua mkono wa simu. Habari za posa yangu zilisubiri wingu. Wakati wa kiangazi, Kibo kikikaa uchi wiki nzima, mchumba wangu alikuwa hajui kama nipo hai au nimekufa. Msicheke. Wapo wakubwa wenu wenye shahada mbilimbili wanaoamini mambo ya ajabu kuliko hayo, na wanalipwa kwa kuyaamini. Nitawafikia.

Nawaandikia nyinyi mliobaki kazini, mlionipa saa ya ukutani na blanketi siku ya kuniaga, kisha mkasema, “Mzee, tuandikie mambo ya zamani.” Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilipita karibu yangu mara nyingi bila kunisalimia. Mshahara nao ni habari fupi mno, hata sentensi haijai.

Siku ya kwanza nilipewa mkanda wa kupandia nguzo, viatu vya miiba vilivyokuwa vikubwa kiasi cha kulaza mtoto ndani yake, koleo, na simu ya majaribio. Simu hiyo nyinyi hamkuikuta. Ilikuwa kama mkono wa simu uliokatwa, ina nyaya mbili zenye vibanio mwishoni. Ukibana kwenye jozi yoyote ya nyaya, uko ndani ya mazungumzo ya watu: unamsikia huyu na unamsikia yule, kama umekaa katikati yao kitandani.

Nilikabidhiwa kwa Mzee Bhajan, singasinga wa hapa hapa Moshi, aliyekuwa anapanda nguzo na kilemba chake bila hata kukipinda. Alinipeleka Old Moshi, kwenye mteremko wenye utelezi wa kuangusha mbuzi, akanionyesha nguzo moja katikati ya migomba. Nilipanda. Nguzo ile ilikuwa ndefu, nawaambieni, nikifika juu niliona meli zikitia nanga Mombasa. Nikabana vibanio vyangu kama nilivyofundishwa darasani, na masikioni mwangu ikaingia sauti ya mama mmoja akimweleza dada yake ugonjwa wa mumewe, tena ugonjwa wa aibu. Nikatulia tuli. Niseme ukweli, nilikuwa nimenogewa.

“Wewe!” Mzee Bhajan alipiga kelele kutoka chini. “Umepiga hodi?”

“Hodi wapi, mzee? Niko juu ya nguzo!”

“Teremka!”

Nikateremka. Akanitazama kama mtu aliyeletewa chai baridi.

“Ukienda nyumbani kwa watu, unaingia tu?”

“Hapana, mzee. Napiga hodi.”

“Huko juu kuna nini? Si watu? Nyumba ina mlango, huo waya hauna. Mlango ni huo mdomo wako. Ukibana tu, unasema: ‘Hodi, fundi yuko laini.’ Wakikuambia subiri, unabandua, unasubiri. Na ulichosikia kabla hujapiga hodi, hukusikia.”

Hiyo haikuwa kanuni ya ofisi. Ilikuwa kanuni ya Mzee Bhajan, na kila fundi aliyepita mikononi mwake aliibeba. Baada ya muda, watu wa Moshi nzima waliizoea. Unabana, unasema, “Hodi, fundi yuko laini,” na unajibiwa, “Karibu fundi!” Wengine waliniuliza hali ya mke wangu. Mama mmoja wa Kibosho aliniambia, “Fundi, subiri kidogo, nimalize kumsema huyu mwizi wa shamba.” Nikasubiri juu ya nguzo mpaka miguu ikaota mizizi, lakini nilisubiri. Hata leo nikiingia chumbani kwangu mwenyewe nasema hodi.

Miaka ikaenda. Kisha ukaja ule mlipuko wa ubalozini Dar es Salaam, na miaka michache baadaye, dunia nzima ikiwa imeingiwa na hofu, ikaja sheria ya ugaidi, na pamoja na sheria wakaja watu wa kuitembeza.

Mlipuko sikuuchukulia kama hadithi ya redioni. Mpwa wake Mzee Bhajan alikuwa anapita jirani siku ile, kioo kikamtoa jicho. Nilikwenda kumpa pole mzee, nikamkuta amekaa barazani hajafunga kilemba, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nikamwambia, nikidhani namfariji, kwamba sasa serikali isikilize simu zote tu, iwe imekwisha.

“Waliomtoa jicho mtoto wetu,” akasema, “natamani wasikilizwe hata wakikoroma. Lakini mwenye kusikiliza aende kwa hakimu kwanza. Amwambie namtafuta fulani, kwa sababu hii. Akikosa la kumwambia hakimu, atasikiliza nini?”

Baadaye niliisoma ile sheria kwa macho yangu haya, pale darasani kwetu jioni, mwalimu wa uraia akitusaidia. Na yenyewe inasema habari ya kibali cha mahakama. Kwa hiyo mtu akija na ubabe akakuambia sheria ndiyo imemtuma, mwombe akusomee.

Wa kwetu alikuja asubuhi moja na mkoba. Sikuwahi kujua jina lake, alisema tu anatoka ofisi moja ya Dar. Mimi nilimwita Bwana Mkoba na nyinyi mwiteni hivyo. Mkoba wenyewe wa ngozi, ameukumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Suti nyeusi, miwani nyeusi, joto la Moshi la saa nne. Alikuja kwa siri kubwa, na gari pekee lenye vioo vya giza mkoa mzima, akaegesha mbele ya lango letu. Muuza maandazi wa pale nje akaniuliza, “Fundi, yule shushushu wenu atakunywa chai?”

Mkuu wangu wa kazi aliniita. “Msaidie bwana huyu. Usiulize maswali.”

“Kibali cha mahakama kipo?” nikauliza, maana swali hilo lilikuwa limeshatoka.

Bwana Mkoba akavua miwani taratibu, kama walivyomfundisha. “Fundi, usalama wa nchi haungojei karatasi.”

“Mbona simu mpya inangojea karatasi? Hapa mtu akitaka kuunganishwa laini anajaza karatasi mpaka anazeeka.”

Mkuu akanikanyaga mguu chini ya meza. Tukaondoka kwenda Bomang'ombe.

Laini waliyoitaka ilikuwa ya Mama Shabani. Huyu mama alikuwa na duka karibu na stendi ya mabasi, anauza sukari, mafuta ya taa, na simu ya kulipia. Enzi hizo simu za mkononi zilikuwa za watu wachache, kwa hiyo nusu ya Bomang'ombe ilipigia pale. Unampa namba, anakuzungushia mwenyewe, ikipokelewa anasema, “Haya, ongea, wamepokea,” anakukabidhi mkono wa simu. Kisha anachukua ufagio anatoka kwenda kufagia nje, asisikie mambo yako. Kila mteja, kila simu. Uwanja wa duka lile, kwa kufagiliwa kila mtu anapoongea, ulikuwa msafi kuliko altare ya kanisa kuu. Kuku walikuwa wanaona haya kuukanyaga.

Mwanawe, Shabani, alikuwa dereva wa lori. Alibeba mchele wa Chekereni kupeleka Arusha na mpakani. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amechukuliwa na watu wa aina ya Bwana Mkoba, akawekwa mahali, na mama yake akawa anazungushwa vituo vyote vya polisi vya mkoa kama barua isiyo na stempu. Kila kituo kilimwambia hayupo. Alichokitaka mama yule ni kitu kimoja tu: mwanawe arudi nyumbani.

Kando ya barabara, nyuma ya mti wa mjakaranda, lilikuwepo kabati letu la chuma lenye nyaya za mtaa mzima. Nikalifungua. Bwana Mkoba akachuchumaa na suti yake ndani ya upupu, akatoa kinasa sauti na vile vidude vya masikioni, akavivaa.

“Nipe laini yake. Kimya kimya. Asijue chochote.”

“Sawa, mzee.”

“Pumzi usivute.”

“Sawa.”

Nikatafuta jozi. Nikabana. Na hapo, wapendwa, miaka yote ya Mzee Bhajan ikapanda kooni yenyewe kama kwikwi. Nikasema kwa sauti kubwa na safi, sauti ya juu ya nguzo:

“Hodi! Fundi yuko laini!”

Bwana Mkoba alirusha vile vidude kama vimemng'ata. Mama Shabani alikuwa anaongea na kaka yake wa Chekereni, sauti imekauka kwa kulia. Akajibu kama alivyojibu siku zote.

“Karibu fundi. Laini ina nini tena?”

“Haina kitu, Mama Shabani.”

“Kama haina kitu, umefuata nini kwenye waya wangu?”

Bwana Mkoba alikuwa ananipungia mikono yote miwili kama mtu anayefukuza nyuki. Mimi nikatafuta uongo kichwani nikaukosa. Kwenye waya sikuwahi kufundishwa somo hilo.

“Fundi. Uko peke yako?”

Nikakohoa.

“Haya,” akasema. “Naleta chai.”

Maana fundi akija mtaani kwako unampa chai, hiyo ilikuwa desturi. Hazikupita dakika nyingi, tukamwona anavuka barabara na chupa ya chai na vikombe viwili. Bwana Mkoba alikosa pa kwenda. Kiatu chake kilikuwa kimenasa kwenye waya wa uzio. Akavaa miwani. Eti amejificha.

“Shikamoo mama,” nikasema.

“Marahaba. Na huyu mgeni?”

“Mimi,” Bwana Mkoba akakohoa, “mimi ni mwanafunzi wa ufundi.”

“Mwanafunzi na mvi hizo? Basi shule yenu ngumu, baba. Kunywa chai.”

Akammiminia, akampa, na yule bwana akapokea. Ndipo mama akaketi kwenye jiwe mbele yake.

“Mtoto wangu mnaye nyinyi?”

Bwana Mkoba akaona mchezo umekwisha. Akajaribu ukali. “Mama, kama huna cha kuficha, unaogopa nini tukisikiliza?”

Maneno hayo mtayasikia mpaka mnastaafu. Yanasemwa na watu waliofunga madirisha ya magari yao kwa vioo vya giza. Mama Shabani alimtazama kifuani.

“Huo mkoba una nini?”

Mikono yake yote miwili ikaukumbatia mkoba, chai ikamwagika kwenye suruali. “Haya ni mambo ya serikali.”

“Na ule waya ni mambo ya wateja wangu. Kuna mtu anaagiza jeneza pale. Kuna mke anamwomba mume asimwache. Mimi mwenye simu natoka nje nisiwasikie, wewe umetoka Dar kuja kuwasikia?” Akafuta uso na kanga. “Shabani mmemshikia nini? Niulize mimi. Nimemzaa, nitakujibu.”

Basi Bwana Mkoba akasema, na nadhani alisema kwa sababu ya ile chai. Usiku mmoja kulikuwa na watu walioingizwa nchini kwa njia za panya, watu waliokuwa wanatafutwa. Ofisi yao ikaambiwa aliyewabeba ni Shabani. Na kweli, usiku huo lori lake halikulala Chekereni wala Arusha. Lilionekana alfajiri linateremka Old Moshi, kwenye mashamba ya kahawa, ambako lori la mchele halina kazi. Wamemuuliza alikuwa wapi. Amekataa kusema.

“Mtu asiye na hatia hukataa kusema?” akauliza, akiona ameshinda.

Mama Shabani akainuka. Uso wake ulikuwa umebadilika, nikajua kwamba amejua.

“Fundi,” akasema, “hiyo Landrova yenu inapanda Old Moshi?”

Ilipanda. Nilimwacha Bwana Mkoba anajinasua kwenye uzio.

Njiani mama alinieleza, na alinitaka nisimwambie mtu. Nami nawasimulia nyinyi leo kwa sababu baadaye ilijulikana na kila mtu mpaka mbuzi. Shabani alikuwa na mpenzi kule juu, binti wa mkulima mmoja Mkatoliki, Mzee Gaspari. Binti alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu. Jina lake silitaji, limetajwa vya kutosha. Alikuwa na mimba, na chuo wakijua wanamfukuza kabla ya mtihani. Ndiyo maana Shabani alipanda usiku ule na mjomba wake wa Chekereni, mama akiwa amewatuma, wameshika jani la isale, lile ambalo kwetu Uchagani mtu akikuletea kuomba msamaha huwezi kulikataa bila kujivunjia heshima. Mzee Gaspari alilipokea, lakini akaweka sharti: pasisemwe neno, kwa mtu yeyote wa nje, mpaka binti amalize mtihani. Shabani na mjomba wakaapa.

Na kijana huyo, ambaye Bwana Mkoba na wenzake walimwona adui wa taifa, alikaa ndani siku zote zile, wakimfanyia wanayoyafanya, akilinda kiapo kwa sababu ya mtihani wa msichana. Nimekutana na wakubwa wengi wa usalama. Sijamwona aliyetunza siri hivyo.

Mzee Gaspari tulimkuta kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwake, anaanika kahawa. Alipomwona Mama Shabani, alisimama lakini hakumkaribisha kiti.

“Shikamoo, Meku,” nikasema, kama wazee wanavyoitwa Uchagani.

“Jani lenu ninalo,” akamwambia mama. “Jibu nilisema bado.”

“Sikufuata jibu, Baba. Wamemfunga Shabani. Wanasema usiku ule alibeba magaidi.”

“Usiku upi?”

“Usiku aliokuwa hapa.”

Mzee akaendelea kusambaza kahawa kwa mkono, anatoa punje mbovu, anatupa. “Si awaambie alikuwa hapa?”

“Alikuapia.”

Mkono ukasimama juu ya kahawa. Nyuma ya nyumba ng'ombe alikuwa anatafuna majani ya migomba, nikasikia kila tafuno.

“Anateseka kwa sababu ya neno langu?”

“Ndiyo, Baba.”

“Mjinga,” akasema Mzee Gaspari, na macho yakamjaa machozi. “Mjinga mkubwa. Niletee koti langu la kanisani.” Sijui alikuwa anamwambia nani, maana tulikuwa sisi tu. Akaenda kulichukua mwenyewe.

Kituoni, ambako asubuhi walikuwa wamemwambia mama kwamba Shabani hayupo, Shabani alikuwepo. Bwana Mkoba naye alikuwa amefika, na shimo kwenye suruali. Mzee Gaspari akasimama mbele ya kaunta, koti limefungwa vifungo vyote.

“Usiku huo mnaouliza,” akasema, “huyu kijana alikuwa kwangu tangu jioni mpaka alfajiri. Na padri wetu aliitwa, anajua. Mimi ndiye shahidi wake. Sijamsamehe bado, kwa hiyo mkimwachia nitamshughulikia mwenyewe, lakini gaidi si yeye.”

Nilidhani imekwisha. Kumbe ndiyo imeanza. Bwana Mkoba akatoa kalamu, akaanza kuuliza. Alifuata nini kwako? Binti ana mimba? Ya miezi mingapi? Jina lake kamili? Chuo gani? Tamka tena jina. Kaunta imejaa watu waliokuja kwa mambo yao, baiskeli zilizoibwa, ugomvi wa pombe, wote masikio yamesimama kama ya sungura. Mzee Gaspari alijibu swali moja moja, akiishika kaunta kwa mikono miwili. Nikamwambia Bwana Mkoba, “Si akaulizwe pembeni?” Akanijibu, “Kama hana cha kuficha…”

Shabani aliachiwa siku ile ile. Alitoka anachechemea. Alipomwona Mzee Gaspari, akajua kilichosemwa, akakaa chini sakafuni akalia, na wote pale wakadhani analia kwa furaha. Mama yake alimpata mwanawe. Chuo nacho kilipata habari za binti kabla hatujafika stendi. Binti hakufanya mtihani. Baba yake alimpeleka kwa shangazi yake mkoa mwingine, akajifungulia huko, na jani la isale halikujibiwa kamwe. Wale watu wa njia za panya, kama waliwahi kuwepo, hakuna aliyeniambia walikamatwa.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Bhajan kumweleza. Alikuwa ameshastaafu, mguu mmoja hautaki tena. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ulipiga hodi?”

“Nilipiga, mzee.”

“Basi,” akasema, akanisukumia sahani ya chapati. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata kwa kazi ya siku ile. Kwa mkuu wangu nilipata nyingine, haiandikiki.

Sasa nyinyi. Nyinyi hampandi nguzo. Ombi linawajia kwenye kompyuta, mtu fulani wa ofisi fulani anataka kujua namba hii ilimpigia nani, ililala wapi, ilitumiwa pesa na nani. Mnabonyeza huku mnakunywa soda. Watu wameweka alama za vidole, majina yao, sura zao, mmezihifadhi zote. Mmoja wenu aliniambia, “Mzee, siku hizi mfumo ndio unasikiliza, si mtu.” Mfumo! Kama vile mfumo ndio utakaosimama kaunta na kuuliza mimba ya miezi mingapi. Mimi sisemi magaidi waachwe. Nimeliona shimo la jicho la mpwa wa Mzee Bhajan. Nasema ombi likija, uliza kibali cha mahakama. Kipo, fanya kazi yako. Hakipo, kohoa. Kohoa kwa nguvu mpaka mkuu wako ashtuke.

Lakini kulikuwa na jambo moja halikunitoka kichwani: walimjuaje Shabani? Kati ya madereva wote wa mchele? Mimi nilikuwa na jibu langu. Siku aliyokamatwa mlima ulikuwa wazi kabisa, Kibo kinang'aa kama sufuria mpya. Mtambo. Nilimwambia hivyo Mama Shabani, naye akaamini, kwa sababu nilikuwa fundi. Mpaka anafariki, Mungu amrehemu, alikuwa akitoka asubuhi kufagia anautupia mlima jicho baya.

Juzi, nilipokwenda hospitali kupima presha, nikakaa kwenye benchi karibu na mzee mwenye fimbo na mkoba wa ngozi kifuani. Nilimtambua kwa jinsi alivyoukumbatia. Ndani mlikuwa na dawa zake. Kastaafu pia, kajenga Bomang'ombe, eti kuna hewa nzuri. Tukasalimiana kama maadui wa zamani wanavyosalimiana kwenye foleni ya daktari, yaani vizuri sana. Nikaona nisife bila kuuliza.

“Yule Shabani,” nikasema. “Ni mtambo wa mlimani uliomnasa, si ndiyo?”

“Mtambo gani?”

“Ule wa chini ya theluji.”

Akanitazama, akitafuta kama nina homa.

“Hakuna mtambo, Fundi. Tulipigiwa simu. Mtu aliingia dukani kwa yule mama, jina hakutaja, akapiga kutoka pale pale. Ndiyo maana tuliitaka ile laini. Mama mwenyewe ndiye aliyemzungushia namba. Nilimsikia akisema, ‘Haya, ongea, wamepokea.’ Halafu nikasikia ufagio.”